Grisi ya Gurudumu la Mbele, Upande wa Kushoto

Hakuna kitu kinaweza kunishangaza mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu miaka yote niliyoshika spana, na nyinyi vijana wa karakana mmenisikia mpaka mkachoka. Nimefungua gia boksi ya lori kando ya barabara pale Sigor, mvua ikinipiga mgongoni, nikaifunga kwa mikono hii, na mwenye lori alikuwa bado hajamaliza kunitukana. Nimemtoa panya na watoto wake ndani ya bawa la ndege. Shule niliacha darasa la sita, lakini nimesimama mbele ya watu wa digrii wakiniuliza, "Fundi, unaonaje?" nao wakangoja nifute mikono kwanza ndipo niwajibu. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Siku ninaaga mliniomba niandike mambo ya kazi, ili wale wanaokuja wasome. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu cheo nilijipa mwenyewe, nikakipaka kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa pikapu yangu: INJINIA. Mshahara ni siri yangu na Mama Mercy. Nitaandika ya mitumbwi na magurudumu, na ya ile Jumamosi ambayo nyinyi mnaijua kwa kicheko tu.

Mimi ni mtu wa Sigowet. Baba alikuwa na chai kidogo na ng'ombe wachache, na kwa vile wakubwa wangu walikuwa wengi nilijua mapema kwamba shamba halitanifikia. Nikashuka Sigor, nikalala chini ya lori za watu mpaka nikaijua kila nati kwa kuigusa gizani. Nikafungua gereji yangu. Siku moja bosi mwenye shamba la chai upande wa Kericho akanichukua nikamtengenezee trekta ya kukata nyasi ya kiwanja chake cha ndege. Trekta ilipona kabla ya chai ya saa nne. Nikanawa, nikageuka, nikaona ndege ndogo imesimama pale imevaa mitumbwi miwili mahali pa miguu, na mitumbwi yenyewe imevaa magurudumu. Nikacheka kwa sauti.

"Sasa hii ni gari, ni mashua, ama ni bata?"

Kulikuwa na mzee amelala chini ya ile mitumbwi, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajibu bila kutoka. "Ni ndege. Na wewe unayecheka, nipe spana ya nusu inchi."

Nikampa ya milimita kumi na tatu. Mkono ukatokea, ukaipokea, ukapotea, halafu spana ikarushwa nje ikanipita karibu na goti.

"Hii ni ya trekta. Nimesema nusu inchi."

"Si ni karibu sawa, mzee?"

"Karibu sawa wekea trekta yako. Hapa juu watu wanaanguka."

Huyo ndiye Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, fundi wa ndege mwenye leseni, aliyenifundisha kazi hii yote. Jioni hiyo alimwambia bosi aniache hapo. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Huyu ana mdomo mrefu, lakini mikono yake inasikia." Nililibeba hilo neno la mikono nikaenda nalo nyumbani. Lile la mdomo nililiacha pale pale karakana, kosa la kwanza.

Kwa wale ambao hawajaiona ndege ya namna ile, wasikilize, ni rahisi. Kila mtumbwi una magurudumu mawili: dogo mbele, kubwa nyuma. Bosi alikuwa anapeleka wageni visiwa vya ziwani, na huko hakuna kiwanja, kwa hivyo unatua majini kama bata. Kwa maji, magurudumu yote manne yanavutwa juu. Kwa nyasi, yote manne yanashushwa. Yanasukumwa na oili nyekundu inayopita kwenye paipu nyembamba, na mbele ya rubani kuna taa: bluu ni juu, kijani ni chini. Pampu ya umeme ikikataa kuna pampu ya mkono, kama ile ya kujaza upepo baiskeli. Ni hayo tu.

Mzee Wafula aliniambia hatari yake siku ya pili, tukinywa chai. "Ukisahau magurudumu juu, ukatua kwenye nyasi, utachubua mitumbwi na bosi atakasirika. Ukiyasahau chini, ukatua majini, ndege inashika maji na kupinduka mbele, na wewe umefungwa mkanda, kichwa chini, ndani ya ziwa." Akakoroga chai yake. "Nilikuwa na rafiki." Hakuendelea, na mimi nikiwa na mdomo wote huu sikumwuliza.

Adui wa gurudumu la majini ni maji yenyewe. Kila likizama, maji yanaingia kwenye beringi na kwenye egemeo ambalo gurudumu linazungukia likipanda na kushuka. Chuma kikikaa na maji kinaota kutu, na kutu ikishika hakuna pampu itakayokisogeza. Kwa hivyo ndege ikirudi kutoka ziwani, kabla hata ya kumwuliza rubani habari ya safari, unachukua pampu ya grisi, unaingia chini, unaweka kwenye matundu manane, mawili kwa kila gurudumu. Unapampu mpaka grisi ya zamani itoke. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, endelea. Unapampu mpaka itoke safi. Mzee Wafula alikuwa akinitia kikombe cha chai mkononi na kuniuliza, "Hii ni rangi gani?" Nikajibu, ni ya maziwa. "Basi hiyo usiione kwenye gurudumu langu." Watu wa huku tunakunywa hiyo chai tangu tukinyonya, sikuhitaji darasa la saba kuelewa.

Nimeona mengi pale. Vyura ndani ya mitumbwi, kwa sababu kila asubuhi lazima ufyonze maji yaliyovuja, na chura anajua pahali pazuri kuliko mwenye nyumba. Mvua ya mawe ilitoboa mabawa mpaka yakafanana na sufuria la hoteli, tukakaa mwezi mzima tukinyoosha. Rubani mmoja wa zamani, kijana mzuri lakini mwenye simu nyingi, alitua kwenye nyasi akiwa amesahau magurudumu juu. Mvua ilikuwa imenyesha. Ile ndege iliteleza kwa mitumbwi yake kama mtoto anavyoteleza kwenye matope, ikasimama polepole, yeye akabaki ameketi ndani akifikiri amevunja breki. Mzee Wafula alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikajifunza kitu: kwenye nyasi iliyolowa, mitumbwi mitupu inatosha.

Halafu macho ya Mzee Wafula yakaharibika, akarudi kwao Bungoma. Bosi akawa analeta mtu wa leseni kutoka Nairobi mara moja moja kukagua na kutia sahihi. Siku nyingine zote karakana ilikuwa yangu peke yangu. Hapo ndipo ile rangi nyeupe ilipakwa kwenye mlango wa pikapu.

Rubani mpya alikuwa msichana wa Litein, Kapteni Chebet. Mama yake alichuma majani chai maisha yake yote, na huyu binti alifika akiwa ameshika begi lake na miwani juu ya kichwa. Mimi, mbele ya watu, nikamwuliza, "Wewe ndiye unamletea rubani chai?"

"Hapana, mzee," akasema, "mimi ndiye huwa ninaletewa." Akanyoosha mkono nimsalimie. Wale wakata nyasi walicheka mpaka wakazima mashine.

Tulielewana baadaye. Anaendesha ndege kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Na tulikuwa na desturi yetu. Kila asubuhi kabla hajapanda, anasimama kando ya bawa, ananiuliza neno moja: "Grisi?" Na mimi najibu neno moja: "Nane." Maana yake matundu yote manane yameshiba. Hakuinama kuangalia hata siku moja. Kwake neno langu lilikuwa sawa na kuona. Nami nilijivuna nalo zaidi ya vyeti ambavyo sikuwahi kupata.

Sasa mvua za mwaka ule zikaanza, na tundu la grisi la egemeo la gurudumu la mbele, upande wa kushoto, likaziba. Unapampu, grisi haiingii, inarudi na kukuchafua mkono. Dawa yake inajulikana: unainua ndege kwa jeki, unafungua gurudumu, unasafisha, unaweka tundu jipya. Kazi ya nusu siku, na tundu jipya lilikuwa kwenye droo. Lakini mimi nilikuwa na jambo nyumbani. Binti yangu Mercy alikuwa anaposwa. Wakwe walikuwa wanakuja kwa koito, ile siku watu wa kijana wanakuja kukaa na sisi na kupatana ng'ombe. Nilikuwa napaka nyumba rangi, nabadilisha ua, natafuta hema. Kila siku saa tisa nilikuwa nimeshatoroka karakana.

Kwa hivyo nikafanya kitu ambacho nikikifikiria hata leo masikio yanapata moto. Nilichukua grisi mpya kwa kidole, nikaipaka juu ya lile tundu lililoziba, ikazunguka vizuri kama mtu anavyopaka blubandi kwenye mkate. Ukiangalia, utasema limeshiba. Nikajiambia, nitalifungua kesho. Asubuhi, Kapteni akiwa kando ya bawa: "Grisi?" Na mimi: "Nane." Kesho hiyo ilipita na zingine zikafuata, na mvua ikaendelea, na ndege ikaendelea kuzama ziwani na kurudi. Nilikuwa napaka kila jioni. Kupaka ni haraka.

Jumamosi ya koito ikafika. Nyumba yangu, wale mliowahi kufika mnajua, iko kwenye mgongo wa kilima, na kiwanja cha ndege kinaonekana chini pale, kimezungukwa na chai. Nilikuwa nimepanga hivi: Kapteni akirudi kutoka visiwani na wageni wawili wa bosi, mtu na mkewe, apite juu ya boma langu kidogo, wakwe waone. Alikubali kwa kunifurahisha. Na ili wasione tu bali wasikie pia, nilibeba ile redio ya mkono ya karakana, nikaiweka juu ya meza mbele ya maiki, kwenye spika kubwa nilizokodisha. Wakwe wasikie mkwe wao akiongea na ndege iliyo hewani. Nilidhani nimefikiria kila kitu.

Wakwe walitoka upande wa Longisa, wazee waliovaa koti na kofia, wakiongozwa na mzee arap Bii, babake kijana, mtu mrefu mwenye fimbo na macho ya kucheka. Tuliwapa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wakayasifu. Kabla hata ya kuingia nyumbani kuzungumza, ngurumo ikasikika. Nikashika maiki.

"Wakwe, hiyo inayokuja ni ndege yangu."

Arap Bii akatazama juu. "Yako kabisa? Ulinunua?"

"Ninaitunza."

"Ah!" akasema. "Hata mimi nikiwa kijana nilitunza ng'ombe wa mzungu. Sikujua kumbe walikuwa wangu."

Hema lote likacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilijua sasa hivi redio itaongea na wataona.

Redio ikaongea. Spika zikaitoa sauti ya Kapteni Chebet mpaka ng'ambo ya bonde.

"Fundi, Fundi. Niko juu yako. Nimeshusha magurudumu, kijani ni tatu. La mbele kushoto limekwama. Liangalie."

Akapita chini, karibu na miti. Nikaona. Magurudumu matatu yametoka vizuri, na lile dogo la kushoto limekaa nusu, kama goti la mtu anayepanda ngazi na kusahau alikuwa anaenda wapi.

"Nimeliona, Kapteni. Limekaa nusu."

"Kurudi Kisumu siwezi, nyuma yangu wingu limefunga na mafuta si mengi. Majini siwezi, na hilo limening'inia. Nisikilize vizuri, Fundi. Kama lina grisi, basi ni presha tu, nitapampu kwa mkono mpaka lishuke, nitue kawaida. Kama limekauka, nikilazimisha paipu itapasuka, oili yote itamwagika, na haya matatu hayatarudi juu tena. Nikitua na matatu, hapo mwisho tutapinduka. Lakini nikijua mapema nitayapandisha sasa, nije kwa mitumbwi. Kwa hivyo niambie. Grisi?"

Wakwe wameinua nyuso, vikombe mkononi. Mercy alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, amevaa ile nguo yake. Ningeweza kuichukua redio nikaenda nayo nyuma ya nyumba. Lakini kuiondoa pale kwenye maiki kungekuwa ni kusema mbele ya watu kwamba kuna kitu cha kuficha.

Nikasema, "Nane, Kapteni."

Na mnajua wakwe walifanya nini? Walipiga makofi. Hawakuelewa nane ni nini, lakini nilikuwa nimelisema kwa sauti nzito, na ndege imejibu, "Sawa, asante."

Kila mtu akabaki anasikia Kapteni akipampu. Alikuwa ameacha kidole kwenye kitufe cha redio, nadhani mkono mmoja unapampu na mwingine unaendesha. Ilikuwa pumzi tu, pumzi na chuma. Nilikuwa najua kila sehemu ya ile paipu. Nilikuwa najua oili inaenda wapi na inakutana na nini.

Nyuma yangu mke wangu akasema, polepole sana, "Baba Mercy."

Amekaa na mimi tangu Sigor; anaijua ile sauti nzito. Ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wateja "njoo kesho, iko tayari."

Kwenye spika mama mmoja alilia. Ni yule mgeni wa bosi, kiti cha nyuma. Na Kapteni akamwambia, si mimi anayeniambia, yule mama: "Usiogope, mama. Naona oili kidogo inachirizika, lakini fundi wangu ninamjua. Amesema lina grisi, basi lina grisi. Litashuka."

Kidole chake kikaachia kitufe, nikaona mkono wangu umeshika redio.

"Kapteni, wacha kupampu. Halina grisi."

Redio ikarudi, na pampu hailii tena. "Rudia."

Hilo neno ni la kawaida kwa redio, marubani wanalisema kila siku. Lakini ilibidi nirudie, na spika zikarudia pamoja na mimi, kwa wakwe, kwa majirani, kwa wachuma chai walio ng'ambo ambao walikuwa wamesimama na vikapu vyao wakisikiliza.

"Halina grisi. Tundu limeziba. Nilipaka juu na kidole."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

Ndege ilikuwa inageuka juu ya kiwanda cha chai, ndogo kabisa, na wingu jeusi nyuma yake. Halafu sauti yake ikaja, na hapakuwa na hasira ndani, na afadhali ingekuwepo.

"Sawa. Oili bado iko kidogo. Napandisha hayo matatu." Tukangoja. "Bluu tatu. Nakuja kwa mitumbwi. Nyasi iko aje?"

"Imelowa. Njoo na upande wa juu, shika mkono wa kulia. Hilo la kushoto likigusa litakuvuta, kwa hivyo... Kapteni, kuna ng'ombe kiwanjani."

"Basi watoeni."

Ng'ombe walikuwa ni wa majirani, na wengine wangu. Sijui nani alianza kukimbia. Ninachojua ni kwamba nikiteremka kile kilima, viatu vipya vikiniteleza, nilipitwa na mzee arap Bii, koti linapepea, fimbo juu, akipiga kelele kama kijana anayeenda kurudisha ng'ombe walioibwa. Wazee wote wa Longisa nyuma yake. Watu waliokuja kupatana ng'ombe sasa wanafukuza ng'ombe kwenye kiwanja, kofia zinaanguka, mmoja amebeba kikombe cha mursik bado na hakumwaga.

Alikuja chini. Mtumbwi wa kulia uligusa kwanza, ukateleza, maji yakaruka pande zote. Akaushikilia ule wa kushoto juu kadiri alivyoweza, kama mtu anayetembea na mguu mmoja umeumia. Halafu ukashuka. Lile gurudumu lilikamata udongo, likajikunja, kukatoka sauti ya bati kupasuka, na ndege ikazunguka kushoto, ikaingia mistari ya kwanza ya chai kinyumenyume, ikasimama inatutazama.

Mlango ukafunguka. Yule bwana akashuka, akamshusha mkewe, wakakaa kwenye nyasi iliyolowa na nguo zao nzuri. Kapteni akashuka mwisho. Nilikuwa nimesimama karibu na bawa. Alinipita, akaenda kwa ule mtumbwi wa kushoto, akainama, akaweka kidole juu ya lile tundu, akafuta. Grisi yangu mpya ikatoka yote kwa mfuto mmoja, na chini yake kutu nyekundu. Akakitazama kidole. Kisha akajifuta kwenye nyasi na kwenda kuwasalimia wazee, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. "Chamgei." Wakamjibu wote. Akapewa ule mursik ambao haukumwagika, akanywa.

Koito haikuvunjika. Wengine mnasema ilivunjika, si kweli. Tulirudi juu, mvua ikanyesha kwenye hema, tukaingia ndani. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Shemeji yangu Joseah, mjombake Mercy, ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu. Mara moja nilijaribu kutaja idadi ya ng'ombe, kwa sababu kusema kweli Joseah alikuwa anaanzia chini sana. Arap Bii akanigeukia na yale macho yake.

"Mkwe, hiyo idadi umeipiga grisi, ama umeipaka?"

Hata wazee wangu walicheka. Hata mke wangu aliyekuwa analeta chakula alilazimika kurudi jikoni. Sikufungua mdomo tena mpaka maombi ya kufunga. Mercy hakucheka. Aliniletea maji ya kunawa, akanimwagia mikononi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na grisi haikuwepo, mikono ilikuwa safi tangu asubuhi.

Jumatatu nilienda karakana mapema kumngoja Kapteni. Nilikuwa nimejipangia maneno. Akaja, akaniambia yeye kwanza: "Mzee, sikujua kuna spika. Ningejua wakwe wako wanasikia, nisingekuuliza vile. Ningetafuta namna nyingine."

Nikasema, "Ungefanya hivyo ungekufa."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. Halafu akaenda kuangalia hali ya hewa. Yale maneno niliyoyapanga bado ninayo.

Ndege ilipopona, hakuniuliza tena "Grisi?" Neno hilo liliisha. Kila asubuhi aliinama chini ya mitumbwi mwenyewe, akafuta kila tundu kwa kidole chake, akakitazama, akaenda kwa lingine. Yote manane. Hakukunja uso. Akimaliza alikuwa ananiomba kitambaa, mimi nampa, anajifuta, ananirudishia, anasema "Asante, mzee," na kupanda. Mpaka siku ninaondoka. Vijana wapya mlifikiri ndivyo kazi inavyofanywa, na ni vizuri mfikiri hivyo, fanyeni hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na kile kitambaa kila asubuhi.

Watu wa bima walikuja, wakaniuliza. Sikuwa na cha kuficha, hata watoto wa shule waliokuwa wanapita nje ya ua walikuwa wananiita "Baba Kupaka". Nikawaeleza kama nilivyowaeleza wakwe. Wakaandika, wakafunga begi, wakakataa kulipa mtumbwi wa kushoto. Bosi akalipa mwenyewe. Hakunifuta kazi, hakunikata mshahara, alisema tu kazi iendelee. Nilijaribu kuendelea hivyo, nikashindwa. Nilikuwa nikimwona anakuja, najifanya natafuta spana.

Nikaanza kumpelekea pesa za ule mtumbwi. Bonasi ya majani chai ya mwaka ule, na ya mwaka uliofuata, na mtamba mmoja mwenye mimba niliyemuuza sokoni, na zingine kidogo kidogo. Mara ya kwanza alikataa, akaisukuma ile bahasha kwenye meza. Nikaiacha pale nikatoka. Baadaye akazoea, akawa anapokea bila kunitazama, na hiyo ilikuwa heshima yake kwangu.

Ile siku yangu ya kuaga, mlinitafuta nije nikate keki, mkapiga simu, mkamtuma mtu mpaka kwenye pikapu. Nilikuwa ofisini kwa bosi namalizia kulipa. Mtumbwi, gurudumu, paipu, na mikono ya mafundi wa Nairobi walioifanya kazi niliyokataa kuifanya kwa nusu siku: shilingi laki tatu, elfu sabini na nane, mia nne na hamsini.